Bolti za Bawa la Kushoto

Mume wangu alikuwa fundi wa lifti kwa miaka thelathini na minne. Alipostaafu, badala ya kupumzika kama wanaume wenye akili zao, aliagiza ndege. Sisemi tiketi ya ndege. Nasema ndege yenyewe, ya watu wawili, inayokuja vipande vipande ndani ya masanduku pamoja na kitabu cha maelekezo kinene kama tofali, kisha unaiunganisha mwenyewe nyumbani. Masanduku yakaingia gerejini, gari letu likatolewa nje kupigwa jua hadi rangi ikababuka, na mimi nikawa mke wa Rubani. Jina hilo walimpa majirani, na hawakumpa kwa heshima.

Niseme ukweli mapema: ndege ile sikuitaka. Niliipiga vita kwa kila hila niliyojaliwa. Nilificha drili chini ya kitanda siku tisa, akapekua nyumba nzima huku akiniomba nimsaidie kutafuta, nami nikamsaidia kutafuta. Nilidai kifua kinanibana, akanikimbiza hospitali, nikapimwa na kuonekana mzima kama ng'ombe. Nilimwambia kwamba binti yetu amelia kwenye simu akimsihi baba yake aache. Alipompigia, mtoto wa watu hakuwa na habari hili wala lile. Njia ya mwongo ni fupi, na zangu zilikuwa fupi kuliko za wengine. Yeye hakununa. Alicheka.

"Bibie," aliniambia, "ungekuwa na bidii hiyo kwenye ribiti, tungeshamaliza."

Maana nilikuwa msaidizi wake vilevile. Kugonga ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoshikanisha mabati, kunataka watu wawili: mmoja yuko nje ya bati na mashine inayogonga, mwingine yuko upande wa ndani ameshikiza kipande cha chuma ili ncha ya ribiti ibonyee na kushika. Mikono yake ilikuwa minene, haikupenya ndani ya bawa. Yangu ilipenya. Kazi yangu mimi ni kupaka watu rangi ya kucha, hapo chumba cha mbele, na vidole vyangu ni vyembamba na havitetemeki. Basi asubuhi nilipaka kucha, alasiri nikalala chali chini ya bawa, mkono umezama hadi begani, nikilaani. Kidole kimoja hakivunji chawa, alipenda kusema. Nilimjibu kwamba chawa mwenyewe si wangu.

Kisha presha ya macho ikaingia. Alikuwa ameshajifunza kurusha ndege kwenye kiwanja kidogo nje ya mji, na cheti cha afya anacho. Mwezi wa tatu mwaka ule daktari anayewapima marubani alimwambia: "Mzee, hiki nakupa mpaka mwisho wa Desemba. Baada ya hapo sikupi kingine, na usihangaike kwenda kwa mwenzangu, naye hatakupa." Alirudi nyumbani, akanywa maji amesimama, akaingia gerejini. Nilimfuata na maneno ya kumfariji, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Nataka mara moja tu," alisema. "Miaka yote nimewapandisha watu juu ndani ya sanduku linaloning'inia kwenye kamba. Nataka mara moja nipande kitu kisicho na kamba. Baada ya hapo hata wakiniziba macho kwa kitambaa, sawa."

Siku hiyo niliacha vita. Mtu umeishi naye miaka arobaini, ukamsikia anaomba kitu kwa sauti ile, utabaki unaficha drili? Nikawa nataka aruke kuliko hata yeye. Nilipunguza wateja wa jioni. Nilijifunza majina ya vitu. Na hapo ndipo nilipolikoroga.

Ni hivi. Mwanzoni kabisa aliniomba kichupa cha rangi ya kucha nisichokihitaji. Nikampa nyekundu iliyokuwa imeanza kuganda. Akawa kila anapomaliza bolti anavuta kimstari chekundu juu ya nati mpaka kwenye bati. Sikuuliza. Nilidhani ni ya kuzuia kutu, kwa sababu kila kitu wanaume wanachopaka chuma huwa ni cha kuzuia kutu. Sasa, ukilala chini ya bawa ukisubiri mtu apange mashine yake, macho yanatembea, na macho yangu ni ya kazi. Mteja akinikalia na kucha tisa zimepakwa na moja iko wazi, siwezi kunywa chai. Nikaanza kuona bolti zisizo na rangi. Hapa mbili, pale nne, kule safu karibu nzima.

Nikajua ni macho. Hazioni, maskini, nikasema moyoni. Ningemwambia? Ningemwambia mzee wa watu, "Baba watoto, umeruka hizi," halafu akae siku tatu anajishika kope mbele ya kioo? Mke mwema humsitiri mumewe, ndivyo nilivyolelewa. Kwa hiyo akienda kunawa au kupokea simu, nilichukua kichupa nikazipaka mwenyewe. Na kwa kuwa sikutaka ajue, niliiga mkono wake. Mstari wake ulianza mnene ukamalizikia kwa kijimkia upande wa kulia. Nami nikaupaka hivyohivyo, mnene, kisha kijimkia. Kazi nzuri, wallahi. Nilijisikia mke wa maana. Zilikuwa ngapi sikuhesabu. Nani anahesabu wema?

Mkaguzi alikuja mwezi wa tisa. Sheria ni kwamba kabla hujafunga bati la mwisho la mabawa, lazima mkaguzi aone yaliyomo. Alikuwa mtu wa makamo mwenye viatu safi, akaingia gerejini kwa dharau kidogo, na dharau ikaisha alipowasha tochi. Nilikuwa nimeleta chai.

"Hongera, mzee," alisema. "Nimeona kazi za mafundi wa ndege hasa, hazijafika hapa. Angalia alama zako zilivyonyooka."

Mume wangu akajikohoza kama bwana harusi. Mkaguzi akajaribu bolti sita kwa spana, zote zikamkatalia. Akafunga kisanduku chake.

"Zote sitazijaribu," alisema, "alama zinajieleza."

Nami, domo langu hili, nikauliza, "Kwani hiyo rangi si ya kutu?"

Wakacheka wote wawili. "Hapana, mama," alisema mkaguzi. "Mtu akishakaza nati kwa spana ya kipimo, ndipo anapoweka mstari. Yenye mstari imekazwa. Isiyo na mstari, bado. Hiyo ndiyo kumbukumbu yake, la sivyo atajuaje wapi ameishia?"

"Kama kipindi kile spana yangu ilipokwenda kupimwa upya," mume wangu alidakia. "Wiki tatu sikuwa nayo. Nilifunga bolti kwa vidole tu, nikaziacha bila alama ili nikizirudia nizijue. Na nilizirudia zote."

Alikuwa akisema kweli kwa jinsi alivyojua. Alizirudia zilizokuwa bila alama. Chai ilinimwagikia kwenye vidole na sikuisikia. Nikakusanya vikombe ambavyo watu walikuwa bado hawajamaliza kunywa, nikaenda jikoni nikasimama mbele ya sinki.

Ungeuliza kwa nini sikurudi palepale. Hata mimi nimejiuliza. Kwanza nilijiambia kwamba alizikaza akasahau rangi tu. Kisha nilipiga hesabu: kufungua vitu, kukagua kila bolti toka mkia hadi pua, kufunga tena, kumwita mkaguzi tena. Tungefika Aprili. Desemba ingekuwa imeshapita na cheti chake. Na uso wake siku ile! Alimsindikiza mkaguzi hadi barabarani, akarudi anapiga mluzi. Miezi sita sikuwa nimemsikia akipiga mluzi.

Tulifunga mabawa kwa siku kumi na saba. Kila ribiti ilikuwa nafasi ya kusema, na zilikuwa mamia. Yeye anagonga, mimi nimeshikiza chuma, naye anauliza kutoka upande wa pili wa bati, "Imeshika?" nami najibu, "Imeshika." Nilizifungia bolti zile kwa mikono yangu mwenyewe. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na hakuna wa kunilazimisha.

Nilimwambia mwezi wa kumi na moja, siku aliyopanga lori la kubebea ndege kwenda kiwanjani. Jumamosi ijayo. Tulikuwa tumemaliza kula, anachokonoa meno, hana wasiwasi wa dunia. Nikamwambia yote: kichupa, macho yake, sitara yangu, kijimkia cha kulia. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kijiti chini.

"Hii kali," alisema. "Hii imeshinda ya kifua."

"Baba watoto, naapa."

"Uliapa na ya kifua."

"Ya kifua ilikuwa uongo! Hii ni kweli!"

"Ndiyo," alisema kwa upole, na upole ule ndio uliniumiza. "Kila moja ilikuwa kweli hadi ilipofichuka. Unaogopa, mama. Najua. Hata mimi naogopa kidogo. Lakini usiniingilie kwenye kazi. Macho sawa, ila mikono yangu haijawahi kusahau."

Nililia. Kwa kunituliza tu, kama unavyomwonyesha mtoto kwamba chini ya kitanda hakuna kitu, alifungua kidirisha kidogo chini ya bawa la kushoto, kule karibu na ncha. Akaingiza spana ya kipimo. Spana ile nati ikiwa imekaza hulia "ta". Akajaribu tano. Ta, ta, ta, ta, ta.

"Umeona?"

"Jaribu za ndani! Kule linapokutana na kiwiliwili!"

"Kule hakuna kidirisha. Ni mpaka nitoe ribiti." Akafuta mikono. "Na ribiti sitoi."

Nikamwambia wifi yangu, dada yake, nikidhani damu itasikia damu. Alikuwa amekuja kupakwa kucha, mkono wake uko mezani kwangu.

"Wifi," alisema, "mwanamume ana mwezi mmoja wa kufurahi halafu kiza. Wewe hata huo mmoja unamwonea choyo?"

"Atakufa!"

"Miaka yote hii umesema atakufa. Drili ingemuua, kompresa ingemuua. Nipake zambarau, tafadhali."

Nikampaka zambarau. Ningefanya nini?

Nilikwenda hadi ofisini kwa mkaguzi. Nilisubiri kwenye benchi chini ya feni isiyozunguka, nikaingia nikajieleza upya, safari hii bila machozi ili nionekane mtu mzima. Aliniheshimu sana. Aliniletea maji.

"Mama yangu," alisema, "usinielewe vibaya. Mwaka juzi mke wa mmoja alikuja hapa akasema mumewe ana kifafa. Mwingine alisema injini imeibwa mahali. Wanawake huwapenda waume zao, hilo si kosa. Lakini aliyeijenga ndiye anayeweka sahihi. Akiniandikia yeye kwamba ana shaka, nafuta kibali leo hii. Wewe ulishika chuma tu."

"Nilishika na kichupa."

"Nitampigia nimuulize," alisema.

Akampigia. Nilipofika nyumbani mume wangu alikuwa amekaa sebuleni, jambo asilolifanya mchana. Hakupaza sauti.

"Umekwenda kunishtaki," alisema. "Kwa watu wa nje."

"Nilikwenda kuomba msaada."

"Mtu ametoka kuniambia kazi yangu hajaona mfano wake, halafu wewe unakwenda kumwambia mimi kipofu na sijui bolti ipi nimekaza." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Umenivua nguo, mama watoto. Drili ningeisamehe mara mia."

Toka siku ile tukawa tunapishana kwenye korido kama wapangaji. Alijipakulia chakula mwenyewe. Alhamisi alioga mapema, akavaa shati la kutokea, akasema anakwenda kiwanjani kuandaa mahali pa kuegesha na atarudi alasiri. Alisema ukutani, lakini nilijua ananiambia mimi. Nilisikia lango likifungwa. Zilibaki siku mbili.

Nikaingia gerejini. Ilikuwa nzuri, ndege ile, siwezi kusema uongo tena. Nyeupe, safi, imekaa kwa magurudumu yake matatu na pua juu. Kutoa ribiti nilikuwa nimefundishwa na yeye mwenyewe, kwa sababu mwanzoni tulikosea nyingi: unatoboa kichwa chake taratibu kwa drili, kichwa kinabanduka, kisha unausukuma mwili wake kwa msumari butu. Nilianza kwenye shina la bawa la kushoto. Sikuwa na mtu wa kunishikizia. Drili iliteleza mara tatu ikachora bati, na kila mchoro nilihisi nachora uso wake. Nilitoa sitini na tatu. Bati likagoma, nikalivuta kwa mikono miwili, likakunjika kona na kutoa mlio, na nilipoona ile kona imekunjika nikajua kwamba iwe nilisema kweli au uongo, Jumamosi haipo tena.

Niliingiza mkono na spana. Zilikuwa safu kwa safu, na vimistari vyekundu vilivyonyooka. Ya kwanza, ta. Ya pili, ta. Ya tano, ya tisa, ya kumi na nne, ta. Kumbe alizikaza zote. Kumbe rangi ndiyo aliyosahau tu, kama nilivyojidanganya siku ile jikoni, nami sasa nimempasulia ndege bure, siku mbili kabla, kwa ajili ya hofu zangu. Nilikaa chini kwenye vumbi la alumini. Kisha nikainuka nikaendelea, kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya.

Ya kumi na tisa haikulia. Spana ilizunguka tu. Nikaitoa, nikaigusa nati kwa vidole viwili, ikazunguka kama kifuniko cha chupa. Ya ishirini hivyohivyo. Ya ishirini na moja pia. Na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilicheka peke yangu mle ndani.

Nilikuwa bado nimeegemea bawa aliporudi. Nilimsikia akisimama mlangoni. Sikugeuka mara moja. Nilisubiri apige kelele, na nilitaka apige, lakini nilisikia viatu vyake tu vikija polepole juu ya vichwa vya ribiti vilivyotapakaa sakafuni.

Niliushika mkono wake, ule mnene usiopenya popote, na kwa kuwa sasa pengo lilikuwa kubwa, ukapenya. Niliuweka juu ya ile nati.

Akaizungusha. Akairudisha. Akaizungusha tena.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Sijui."

"Nionyeshe zako ni zipi na zangu ni zipi."

Nilichukua tochi nikamulika. Nilitazama mstari mmoja mmoja, mnene, kisha kijimkia upande wa kulia. Yote ilikuwa yake, na yote ilikuwa yangu. Nimepaka kucha za watu miaka ishirini na mitano na sikuweza kutofautisha.

"Siwezi," nikasema.

Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeulizwa kitu kuhusu lifti. Akatoa mkono, akauangalia, akaketi juu ya sanduku la vifaa na shati lake la kutokea. Nilipiga magoti mbele yake nikamwomba radhi, nikasema tutafungua yote, nitaacha wateja, tutafanya kuanzia asubuhi hadi jioni, pengine daktari ataongeza mwezi mmoja. Aliniacha nimalize.

"Umeniokoa," alisema. Hakuisema kwa uchungu wala kwa shukrani. Alisema kama anavyotaja siku ya wiki.

"Baba watoto..."

"Kesho nikiamka," aliuliza, "nifanye nini?"

Hakuwa ananisimanga. Alikuwa ananiuliza kweli, uso ameuinua kunitafuta kwa macho yale, akisubiri nimwambie. Nilimshika magoti yote mawili.